Upanga Unaohisi Hatari: Amua Kwanza Unahisi Nini

Ukitia katika hadithi yako ya fantasia upanga unaomtahadharisha mwenyewe, mhariri makini atakuuliza kwanza: unahisi nini hasa? Katika miswada ya waandishi chipukizi ninayosoma, jibu huwa karibu lile lile: "Unahisi hatari." Hapo ndipo hadithi inapoanza kuyumba, maana hatari si kitu unachoweza kukigusa. Ni hukumu anayoitoa mtu akishapima mambo. Kikombe chenye sumu ni hatari kwa atakayekinywa, na ni ukombozi kwa aliyekitayarisha. Je, homa nayo ihisiwe? Deni kwa mtu katili? Ngazi yenye utelezi? Upanga ukihisi yote hayo hautatulia hata usiku mmoja. Ukihisi baadhi tu, msomaji atataka kujua ni nani aliyechagua.

Basi upe upanga wako kitu kimoja cha kuhisi, na kiwe kitu chenye mwili au chenye asili: damu ya kiumbe fulani, chuma kilichokwisha kuua, uchawi wa ukoo mmoja. J.R.R. Tolkien alilifanya hili vizuri katika The Hobbit (1937). Kisu cha Bilbo, shujaa wa kitabu hicho, anachokitumia kama upanga kwa kuwa ni mfupi wa kimo, kilifuliwa Gondolin, mji wa kale wa ulimwengu huo wa kubuni, zamani sana kwa ajili ya vita dhidi ya magoblini, viumbe waovu wa mapangoni, na hung'aa wao wakiwa karibu. Akiwa gizani chini ya mlima anakichomoa, anaona mwanga hafifu, na anaelewa kwamba magoblini hawako karibu sana, ila hawako mbali kiasi cha kumpa raha. Muda mfupi baadaye anakutana na Gollum, ambaye angefurahi kumla. Kuhusu Gollum kisu hakina habari yoyote. Bilbo anabaki na akili yake na vitendawili vyake, na sura ile imekuwa tamu kwa sababu hiyo hasa.

Ona pia kwamba uwezo wa kisu umetoka katika historia yake: kilitengenezwa na nani, akipigana na nani. Hapa ningependa ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndipo penye utajiri. Silaha inayohisi adui huhisi adui wa aliyeifua. Yeye alikufa, vita vikaisha, mipaka ikahama, upanga ukabaki na chuki yake ile ile ya siku ulipotoka tanuruni.

Tuseme katika ulimwengu wako kuna mji uliopigana na watu wa ng'ambo ya mto. Mfua vyuma wa mji akafua upanga unaotetemeka damu ya ng'ambo ikikaribia. Vizazi vitatu vikapita. Watu wamefanya biashara, wamezikana, wameoana. Sasa kijana wa ukoo wa huyo mfua vyuma analeta mchumba nyumbani, na upanga uliotundikwa ukutani unaanza kutetemeka mbele ya wageni. Upanga haujasema uongo. Umehisi kile kile ulichoumbwa kukihisi. Lakini bibi mwenye nyumba atafanya nini? Na mchumba, ambaye pengine hakuwahi kuambiwa kwamba nyanya yake alitoka ng'ambo? Hapo una hadithi kabla hata ya mtu mmoja kuchomoa silaha, na huwezi kuipata ukiwa na upanga unaohisi "uovu" kwa jumla.

Ukitaka mfano wa maisha halisi wa tofauti kati ya kuhisi kitu na kuhisi hatari, nenda Morogoro. Shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa vilipuzi vya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama. Kinachompa panya faida ni kile anachokitafuta. Kigunduzi cha chuma hulia kwa bomu, na hulia vile vile kwa msumari, kizibo cha soda na kipande cha bati, hivyo mtegua mabomu hulazimika kuchimbua kila takataka kwa uangalifu ule ule. Panya hujali kilipuzi tu. Huupita msumari kama hakuuona.

Jiulize upanga wako ni kigunduzi cha chuma au ni panya. Kila kitu kinachotahadharisha kina makosa mawili yanayowezekana: kulia pasipo na kitu, na kunyamaza penye kitu. Ukikifanya kiwe chepesi zaidi ili kisikose adui hata mmoja, kitalia ovyo mara nyingi zaidi. Ukikituliza, kuna siku kitanyamaza vibaya. Wauguzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi wanalijua jambo hili vizuri: mashine zikilia mchana kutwa kwa sababu ndogo ndogo, sikio huzoea na kuacha kushtuka. Shujaa mwenye upanga unaong'aa kila saa naye atafika mahali aufunge kitambaa ili apate usingizi. Ukitaka aufunge kitambaa usiku ambao hakupaswa kuufunga, mwandalie sababu hiyo mapema.

Namna upanga unavyotoa taarifa ina uzito wake pia, na wengi huipita haraka kwa kuchagua rangi ya mwanga. Rangi haijalishi sana. Linalojalisha ni nani mwingine anayepata taarifa hiyo. Mwanga gizani humwonyesha adui mahali ulipo, na upanga ukiwa ndani ya ala hauonekani hata na mwenyewe. Sauti husikika na wote. Katika Njáls saga, masimulizi ya Aislandi yaliyoandikwa karne ya 13, kuna silaha ya mpini mrefu ambayo hutoa mlio mtu anapokaribia kuuawa nayo, na mlio wenyewe husikika mbali. Joto kwenye kipini ni siri ya mwenye kukishika, lakini jua la mchana wa jangwani litamchanganya. Uzito ndio ninaoupenda mimi: upanga unaokuwa mzito adui akikaribia humwambia mwenyewe peke yake, na humwambia wakati ule ule unapomtoza nguvu anazozihitaji kupigana.

Ile silaha ya Aislandi inatufikisha kwenye wakati. Haihisi adui aliyejificha, inahisi kifo kinachokuja. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na miswada mingi huyachanganya ndani ya sura moja. Upanga unaohisi kilichopo sasa unaweza kukosea na hadithi ikaendelea. Upanga unaohisi kitakachotokea unakufungulia swali zito: mwenyewe akitahadharishwa akabadilisha njia, kile ulichokihisi kilikuwa nini? Kama hutaki kuandika hadithi kuhusu majaaliwa, baki na sasa.

Kisha fanya hesabu. Usiogope, ni hesabu ndogo. Mtu mwenye afya akikimbia kwa nguvu hupita kiasi cha mita 6 kwa sekunde, kwa hiyo upanga unaohisi umbali wa mita 60 unampa mwenyewe sekunde 10. Farasi akienda mbio zake zote huenda kasi mara mbili ya hiyo, basi zinabaki sekunde 5 hivi, za kusimama na kugeuka tu. Upinde mrefu wa Waingereza wa Zama za Kati uliweza kupeleka mshale zaidi ya mita 200. Dhidi ya mpiga mishale, upanga wako wa mita 60 utakuwa kimya hadi mwisho. Ukishaandika namba hizi kando, utaona zinakuamulia mambo: wapi shujaa apige kambi, kwa nini anachukia uwanja wazi, kwa nini anapenda milango myembamba.

Wapo wanaosema silaha ya namna hii huua taharuki, kwa kuwa msomaji anajua mapema. Sikubaliani nao. Taharuki hufa pale tu swali linapokuwa moja, kwamba adui yupo au hayupo. Mweke shujaa wako ndani ya jahazi lenye watu saba, siku mbili kutoka pwani, na upanga unaohisi hatua ishirini bila kuonyesha upande. Kipini kinapata joto baada ya chakula cha jioni. Hatua ishirini ni jahazi zima. Anajua yupo, na hajui ni nani: nahodha, mpishi, yule abiria asiyeondoa kilemba, au kitu kilichoshikilia ubao chini ya maji. Akianza kutembea kutoka tezi hadi omo ili apime joto, kila mtu atamwona akitembea, na mmoja wao atajua kwa nini.

Upanga unaosoma nia ndio mgumu kuliko yote, na huko ningekuomba uende taratibu. Mchukue Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa katika tenzi: mwili wake haukuingilika isipokuwa kwa kitu cha shaba kitovuni, na aliyemuua ni mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa kwa ahadi za mfalme. Mpe Liyongo upanga unaosoma nia, kisha ujiulize ungemwamsha saa ngapi. Kijana alipokubali ahadi? Alipomuuliza baba siri yake, bila shaka akiwa bado na mapenzi naye? Au aliposimama juu ya mzee aliyelala, shaba mkononi, akisitasita? Nia ya binadamu hugeuka mara kadhaa kabla ya mkono kushuka. Ukishindwa kusema ni katika hatua ipi upanga unaamka, usiupe kazi ya kusoma nia.

Msisahau adui. Upanga maarufu una masikio mengi yaliyousikia, na mtu mwenye akili hatatuma tena watu ambao upanga unawahisi. Atakodi wengine. Au atafukia mifupa ya viumbe wale njia nzima, upanga uwake usiku kucha hadi mwenyewe asiuamini, kama vile vipande vya chuma vilivyotapakaa huwachelewesha wategua mabomu. Mimi huwashauri vijana waandike ukurasa mmoja kwa sauti ya adui, akipanga namna ya kuushinda upanga huo. Mara nyingi ukurasa huo hutoa sura nzuri kuliko zote za kitabu.

Ukishaamua yote haya, usiyamwage kwa maelezo ya mzee mwenye ndevu karibu na moto. Mwonyeshe msomaji upanga ukifanya kazi sawasawa mara moja, mapema, katika jambo dogo: mbuzi amepotea, mtu anapita nje, joto linapanda na kushuka. Mara ya pili onyesha jambo ambalo upanga haulihisi, nalo likiwa bado dogo. Mara ya tatu ndipo maisha ya mtu yaning'inie hapo, na kufikia hapo msomaji awe anaijua kanuni kama wewe, bila kuhitaji sentensi hata moja ya kumfafanulia.