Jaribu jalizi yako ya Gradle kwa kujenga mradi mzima, tena mara mbili

Hapa Mtwara, sisi tunaoandika programu za simu kwa ajili ya vyama vya msingi vya korosho huwa tunajitengenezea jalizi (plugin, yaani nyongeza) za Gradle, zana inayojenga programu kutoka kwenye msimbo, kwa mfano jalizi ya kuzalisha fomu za mizani kutoka kwenye faili ya mipangilio. Ukiandika jalizi ya namna hiyo, usiridhike kupima kipande kimoja kimoja. Tengeneza folda ya muda, weka ndani mradi mdogo uliokamilika, kisha iache Gradle yenyewe iujenge. TestKit, maktaba ya Gradle ya kupima jalizi, ipo kwa kazi hiyo: unaipa GradleRunner, kiendeshi chake, folda na jina la taski (hatua moja ya ujenzi), halafu unasoma taski imeishiaje.

Wengi wakiona SUCCESS (imefaulu) wanaondoka. Kwangu mimi jaribio ndiyo kwanza linaanza. Jenga tena bila kugusa kitu: sasa taski lazima iseme UP_TO_DATE, yaani hakuna kilichobadilika, haina haja ya kurudiwa. Isiposema, mara nyingi hukutangaza sawasawa faili zinazoingia na zinazotoka, na wenzako watasubiri bure kila wanapojenga. Halafu badilisha mstari mmoja kwenye faili inayoingia, ujenge tena. Ikibaki UP_TO_DATE, hiyo ndiyo hatari hasa. Programu itatoka na fomu ya msimu uliopita, hakuna kosa litakaloonekana, na karani wa ghala ndiye atakayekuja kuligundua wakulima wakiwa kwenye foleni.

Make, zana ya zamani ya kujenga programu ambayo Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, huamua kama hatua irudiwe kwa kulinganisha muda wa faili kubadilishwa. Gradle hulinganisha yaliyomo. Kwa hiyo ongeza jaribio la kubadili muda tu bila kubadili maneno, taski isirudiwe.

Jambo la bando. TestKit haitumii hifadhi yako ya kawaida ya Gradle, ina ya kwake, hivyo mara ya kwanza itapakua maktaba upya. Itengee folda ya kudumu kwa withTestKitDir, ipakue mara moja, baada ya hapo endesha kwa --offline (bila mtandao). Umeme ukirudi kabla ya mtandao, kazi inaendelea.

Na usisahau buildAndFail, yaani kujenga ukitarajia ujenzi ushindwe. Ipe jalizi mipangilio isiyo na kipimo cha uzito, hakikisha ujenzi unakwama, kisha soma ujumbe wenyewe: unataja faili na sehemu iliyokosekana? Kama hautaji, rekebisha ujumbe kabla hujampa mwenzako jalizi hiyo.