Nilitaka galaksi, nikapewa shingo

Juzi nimepata ujumbe wa kijana anayeanza shahada ya uzamili. "Shikamoo dada. Nimeomba kufanya utafiti wa kosmolojia, msimamizi amekataa, ananisukumia mradi wa mishipa ya damu. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilicheka peke yangu kwenye daladala hadi konda akanigeukia.

Mimi nilikuwa mtu wa Andromeda, galaksi kubwa iliyo jirani na yetu. Mwaka 1912 mwanaastronomia Vesto Slipher aliupima mwanga wa galaksi hiyo akakuta inatujia kwa kasi ya takribani kilomita 300 kwa sekunde, na mimi nilitaka kuishi humo humo, kwenye mwanga unaobadilika rangi kwa sababu chanzo chake kinakwenda. Nikaandika pendekezo la kurasa kumi na nne. Msimamizi alisoma ukurasa mmoja, akaniuliza mbele ya wenzangu, "Hizo nyota zitakulipia kodi ya nyumba?" Wakacheka. Mmoja wao hadi leo ananiita Nyota.

Nikapewa ultrasaundi ya ateri za shingo. Nililia wiki nzima, sioni haya kusema.

Miezi ya mwanzo siisimulii, ni kujaza fomu za maadili tu. Nilipoanza kupima, kasi za damu zilitoka kubwa ajabu, na damu hukimbia zaidi pale mshipa unapobana. Kwa namba zangu, nusu ya watu niliowapima walikuwa na mishipa iliyoziba, nao walikuwa wazima, wamekuja kunisaidia tu. Nikarudia hesabu mara tatu. Mama mmoja aliyekuwa akipima wagonjwa chumba cha pili akachungulia kioo changu, akauliza, "Mwanangu, hiyo pembe umeweka ngapi?"

Sabini na tano.

Akaguna tu, akaondoka. Usiku ule ndipo nilipoelewa. Mashine inasikiliza jinsi sauti inavyobadilika ikigonga chembe za damu zinazokimbia, lakini inaona ile sehemu ya mwendo inayoelekea kwako au kukukimbia, basi. Kasi kamili inaikokotoa kwa kugawanya kwa kosaini ya pembe kati ya sauti na mshipa, na pembe hiyo unaiweka wewe, kwa kuzungusha kistari kwenye kioo. Mshipa ukiwa nyuzi 60 nawe ukaweka 65, kasi inazidi kwa asilimia 18 hivi. Damu inayokwenda sentimita 200 kwa sekunde inasomeka 236, wakati wengi wakifika 230 wanahesabu kwamba mshipa umeziba asilimia 70 au zaidi. Nyuzi tano, na mtu anarudi nyumbani akiwaza kisu! Ukiwa nyuzi 75, kosa hilo hilo linakaribia nusu nzima. Ndiyo maana wazoefu hawavuki 60.

Na hiyo ndiyo Andromeda yangu. Slipher naye aliona mwendo wa kutujia tu. Mwendo wa kando wa galaksi hiyo ulikuja kupimwa kwa darubini ya anga ya Hubble, matokeo yakatoka 2012, miaka mia moja baadaye. Hata Christian Doppler, aliyeanzisha Prague mwaka 1842 wazo hili la mwanga na sauti kubadilika kwa mwendo wa chanzo, alikuwa akizungumzia rangi za nyota, na kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu na jiometri. Rangi zenyewe alizikosea, lakini kanuni ikasimama.

Makala yangu kuhusu kosa la pembe ilikataliwa mara mbili. Mhakiki mmoja aliandika mstari mmoja tu. Mwezi uliopita jarida la tatu limeipokea.

Kwa hiyo, mdogo wangu, pokea mradi. Kaa na wanaopima kila siku, uwaulize maswali ya kijinga, uwapelekee chai. Kile ulichokipenda usikitupe, kiweke mfukoni. Vijana wa siku hizi mkikataliwa mara moja mnabadilisha kozi. Utafiti haumpi mtu mwenye haraka. Kaa chini. Pima tena. Nasema pima tena.

Na angalia pembe.

Makala ilipopokelewa, msimamizi wangu aliiweka kwenye kundi la WhatsApp la idara: "Hongera kwa mwanafunzi wetu, tulimwelekeza vizuri." Watu arobaini wakapiga makofi. Yule wa kuniita Nyota akaweka nyota tatu. Nimeusoma ule ujumbe mara nyingi kuliko makala yenyewe, na bado sijaujibu.