Jua Tele, Mlango Umefungwa: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Majani

Shule ilitufundisha kwamba mmea hujipikia chakula kwa jua. Huku kwetu mwezi wa pili jua linawaka kutwa, lakini mahindi yangu ikifika saa tano yamejikunja kama sigara na hayaongezeki. Mtama wa jirani hata haujali. Je, jua likizidi linaharibu chakula cha mmea? *Mkulima, Kongwa*

Jua halijazidi, mzee. Kilichokwama ni mlango.

Ndani ya jani kuna kazi mbili zinazofuatana. Ya kwanza ndiyo inayotaka mwanga. Umbijani, ile rangi ya kijani ambayo wengine huiita klorofili, hunasa zaidi mwanga mwekundu na wa bluu. Wa kijani haunaswi sana, ndiyo maana unarudi machoni petu. Mwanga ulionaswa hung'oa elektroni, chembe ndogo mno zenye umeme hasi, kutoka kwenye umbijani, na pengo linalobaki huzibwa na elektroni za maji. Molekuli mbili za maji zikipasuliwa hutoa elektroni nne, protoni nne (chembe zenye umeme chanya) na molekuli moja ya oksijeni. Kwa hiyo oksijeni tunayovuta inatoka kwenye maji, wala si kwenye hewa ukaa kama watu wengi wanavyodhani. Wanasayansi wa Marekani Samuel Ruben na Martin Kamen walilionyesha hilo mwaka 1941 kwa kutumia maji yaliyowekwa oksijeni nzito, inayoweza kufuatiliwa inakokwenda.

Protoni hurundikana upande mmoja wa utando mwembamba ndani ya kloroplasti, vile vifuko vidogo vya jani vinavyobeba umbijani. Fikiria bwawa la Mtera: maji yamezuiwa juu, yakiteremka yanazungusha mtambo. Protoni nazo zikirudi upande wa pili huzungusha kimeng'enya kinachounda ATP, molekuli inayobeba nishati. Elektroni zenyewe huishia kwenye kibebaji kiitwacho NADPH. Hapo mwanga umeshageuka kuwa nishati ya kemikali, ila sukari bado haijapatikana.

Sukari huundwa katika kazi ya pili, na hii inadai hewa ukaa. Kila molekuli 3 za hewa ukaa hula ATP 9 na NADPH 6 ili kutoa sukari moja ndogo yenye kaboni tatu. Mahindi na mtama hulipa ATP zaidi ya hapo. Sasa, hewa ukaa ni haba: sehemu 420 hivi tu katika kila sehemu milioni za hewa. Nayo haina pa kuingilia isipokuwa ule mlango niliousema, yaani stomata, vitundu vidogo mno vya jani, na kwenye vitundu hivyohivyo ndipo mvuke wa maji unapotokea. Udongo ukikauka jani hufunga vitundu ili lisife kiu. Hewa ukaa ikakosekana, ATP na NADPH zikakosa kazi, na mwanga mwingi unaofika ukaishia kuwa joto. Kujikunja ni namna ya jani kukwepa mwanga lisioweza kuutumia.

Kuhusu jirani yako: msidanganyane kwamba mtama una usanisinuru, yaani huko kujipikia chakula kwa mwanga, wa aina yake. Mtama, mahindi na uwele wote ni wa kundi moja, lile linaloanza kwa kuifunga hewa ukaa kwenye molekuli yenye kaboni nne na kuisukuma ndani kwa wingi. Mtama unayazidi mahindi kwa mizizi, kwa nta iliyotanda kwenye majani, na kwa kuweza kusimama kukua kisha kuendelea mvua ikirudi. Mahindi yakikosa maji wiki ile ya kutoa mbelewele na ndevu, punje zimepotea, hata mvua ije kesho yake.

Kagua mahindi yako hivi. Jani likijikunja mchana na kufunguka saa kumi na moja jioni, vumilia. Likiwa bado limejikunja saa kumi na mbili asubuhi, mizizi haina maji kabisa. Usikimbilie urea. Kwenye udongo mkavu haifiki mizizini, na ikiachwa juu sehemu yake inapotea hewani. Palilia mapema, tandaza mabua, na msimu ujao weka vizuizi vya udongo kati ya matuta kila mita moja au mbili ili mvua isimame shambani badala ya kukimbilia korongoni.

Jaribio la wanga limetushinda mara mbili. Tulichuma jani la mahindi saa mbili asubuhi, tukaliweka ayodini, ambayo hugeuka buluu-nyeusi ikikuta wanga, likabaki na rangi ya kahawia tupu. *Mwalimu wa sayansi, Chamwino*

Makosa ni mawili, mwalimu. Asubuhi jani limetoka kutumia na kusafirisha wanga wake usiku kucha. Halafu jani la mahindi ni gumu, na chakula chake kingi hukisafirisha kama sukari bila kuweka akiba kubwa ya wanga. Tumia maharage yaliyopandwa kwenye kopo.

Weka kopo kabatini gizani saa 48. Litoe, funika sehemu ya jani moja kwa karatasi ya foili juu na chini, kisha weka mmea juani kwa muda wa saa 4 hadi 6. Chuma jani na ulitumbukize papo hapo katika maji yanayochemka. Vitabu vingi huandika dakika moja. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo lipe jani dakika mbili. Baada ya hapo zima moto. Jani liingie kwenye neli yenye spiriti, na neli isimame ndani ya bika la maji ya moto. Spiriti haiwekwi juu ya moto hata siku moja, mvuke wake unashika haraka. Jani likishakuwa jeupe litakuwa linakatika kama kaukau, basi lichovye kwenye maji ya uvuguvugu lilainike kabla ya kulitandaza.

Ayodini iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Ikiwa nzito, jani lote linaonekana jeusi na wanafunzi wanajifunza uongo. Subiri dakika mbili: palipopata jua patakuwa buluu-nyeusi, palipofunikwa patabaki kahawia.

Zabibu zangu zimesongamana majani na ya ndani yamekuwa manjano. Niyang'oe yote? *Hombolo*

Yaliyo manjano ndani, toa. Jani moja la mzabibu hunasa karibu sehemu tisa kati ya kumi za mwanga unaoweza kutumika, kwa hiyo jani la tatu kutoka nje linaishi karibu gizani. Linapumua na kula sukari, halizalishi. Lakini usigeuze kazi kuwa kunyoa. Chipukizi lenye shada linahitaji majani 10 hadi 15 mazima ili zabibu zijae sukari. Karibu na mashada punguza upande wa mashariki, unaopigwa na jua la asubuhi. Upande wa magharibi acha kivuli, la sivyo jua la saa tisa litababua punje.

Ni kweli kulala chumbani na maua kunaweza kuua kwa sababu usiku yanatoa hewa ukaa? *Msomaji, Area C*

Hapana. Usiku mmea hupumua tu, kwa kuwa hauna mwanga wa kufanyia usanisinuru, lakini hewa ukaa ya vyungu vichache ni kidogo sana ukilinganisha na ya mtu mmoja aliyelala kitandani. Kinachoua chumbani ni jiko la mkaa.

Mbuyu hukaa miezi mingi bila jani hata moja. Unakula nini? *Mwanafunzi, Bahi*

Unakula akiba ya wanga iliyomo shinani, na kidogo unaendelea kujipikia. Kwangua kidogo kwa ukucha gome la tawi changa: chini ya ngozi ya kijivu kuna tabaka la kijani. Huo ni umbijani. Tabaka hilo hupata mwanga kiasi, na hewa ukaa linaweza kuipata kutoka kwenye seli za mti wenyewe zinazopumua jirani yake, bila kufungua stomata na kupoteza maji. Haitoshi kukuza mti, ila inarudisha sehemu ya kaboni ambayo ingepotea. Na maji yaliyo ndani ya shina lile nene hutumika kutoa majani ya kwanza, ndiyo maana unaweza kuukuta mbuyu umechipua wakati shamba lililo chini yake bado ni vumbi.