Kutoka 80D kwenda R7: kabla hujachukua mkopo wa SACCO, soma hapa

Ndugu, nimekuelewa hivi. Una Canon 80D, lenzi ya 18-135 uliyonunua nayo, na ile 50mm ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inaingiza mwanga mwingi). Wikendi unapiga harusi, ruracio (sherehe za mahari) na shughuli za kanisa. Picha za mchana ziko sawa, ila za jioni zinajaa chembechembe na nyuso zinatoka kama zimepakwa majivu. SACCO imekubali kukukopesha, na unauliza kama kamera ya Canon R7 itamaliza hilo tatizo. Kwa tatizo hilo, jibu langu ni hapana. Kuna matatizo mengine ambayo hukuyataja, na kwa hayo huenda nikakuambia nunua hata kesho.

Mimi nilihama kutoka 80D hadi R7, na 80D bado ninayo kwenye begi kama kamera ya pili. Kazi zangu ni kama zako, na nikipata siku ya bure naenda kutafuta ndege. Kwa hiyo kamera hizi mbili nimezitumia kwenye ukumbi mmoja, usiku mmoja, chini ya taa zilezile.

Tuanze na giza, maana ndilo linalokuuma. Sensa ya R7, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina ukubwa uleule wa sensa ya 80D. Megapikseli zimepanda kutoka 24.2 hadi 32.5, lakini eneo linalopokea mwanga ni lilelile, na chembechembe zinaletwa hasa na uchache wa mwanga unaofika hapo. Nikipiga ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga) kwa kamera zote mbili, kisha nikazipunguza picha zilingane ukubwa, ya R7 ni safi kidogo na rangi za kwenye vivuli hazichafuki haraka. Lakini tofauti inayofika stopu moja, yaani sawa na kuongeza mwanga mara mbili, sijaiona. Mteja anayezipokea kwa WhatsApp hataiona kabisa.

Sasa angalia lenzi. Hiyo 18-135 yako ukiivuta mpaka mwisho inabaki na f/5.6. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya huo, na 50mm yako ikiwa f/1.8 inaingiza karibu mara kumi. Pale ulipolazimika kupanda hadi ISO 12800, ukiwa na f/2.8 unapiga kwa ISO 3200, na 80D kwa ISO 3200 inatoa picha ambayo mama wa bibi harusi ataitundika sebuleni bila kuuliza kitu. Hizo ni stopu mbili nzima. Kubadilisha bodi (kamera bila lenzi) ya APS-C, yaani ya ukubwa huu wa sensa, kwa bodi nyingine ya APS-C hakukupi stopu mbili, iwe ni Canon, Nikon, Sony au Fujifilm.

Na Nairobi giza halibembelezi mtu. Mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro kidogo, na kwa vile tuko karibu na ikweta, ule mwanga laini wa machweo unapita upesi. Unajua mwenyewe inavyokuwa. Ratiba inasema picha za maharusi ni saa kumi, Arboretum. Msafara unakwama Waiyaki Way, mjomba mmoja amepotea na gari lenye maua, na bibi harusi anashuka saa kumi na mbili kasoro. Chini ya miti ile tayari ni usiku, askari wa lango anaangalia saa yake, na wewe una f/5.6. Hapo hata ungepewa R7 mbili bado ungehangaika.

Kitu cha pili ni flashi, ambayo hukuitaja kabisa, na nahofia huna. Flashi ya Godox yenye betri ya lithiamu, ikielekezwa juu kwenye hema jeupe, inabadilisha kazi ya jioni kuliko bodi yoyote. Hema lote linageuka kuwa taa kubwa laini, macho yanapata mng'ao, ngozi inarudi kuwa ngozi. Tatizo letu ni mapambo. Wapambaji wa siku hizi wanafunika dari kwa vitambaa vya rangi, na ukirusha mwanga kwenye kitambaa chekundu unarudi mwekundu. Waheshimiwa wote wa meza kuu wanatoka kama wamepigwa na jua la Lodwar. Ukikuta hivyo, usielekeze juu. Geuza kichwa cha flashi kwenye ukuta mweupe nyuma yako, au mpe kijana asimame pembeni na flashi ya pili kwenye stendi. Kabla ya shughuli kuanza, ingia hemani, piga picha moja ya kiganja chako, uone rangi.

Kuna watakaokuambia R7 ina kizuia-mtikisiko ndani ya bodi. Ni kweli, na ni kizuri. Nimepiga ndani ya kanisa kwa shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ya taratibu sana, bila tripodi, na madhabahu ikatoka kali kabisa. Lakini kinazuia mikono yako kutikisika, hakimzuii anayecheza. Wamama wakiingia na ngoma ya mwomboko au isukuti, unahitaji shata ya 1/200 ya sekunde au ya kasi zaidi, na hapo kizuia-mtikisiko hakina msaada. Tunarudi palepale kwenye mwanga.

Watakusifia pia ile shata ya elektroniki, ya kimyakimya. Padri wengi wanaipenda, maana 80D inalia kakaka mpaka waumini wa mbele wanageuka. Ila fahamu hili kabla hujaitegemea. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu, za LED na hata zile mirija, zinapwitapwita mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya elektroniki ya R7 inasoma sensa mstari baada ya mstari, tena si haraka, na matokeo yake ni michirizi ya giza na mwanga inayokatiza picha. Kwenye shela jeupe inaonekana kama mtu amelipiga pasi vibaya. Ukilazimika kuitumia kanisani, kaa kwenye 1/100 au 1/50 na michirizi itapungua sana. La sivyo rudi kwenye shata ya kawaida na uwashe kipengele cha kuzuia kupwita, ambacho hata 80D yako inacho.

Basi R7 ni ya nini?

Ni ya vitu vinavyokimbia, kwanza. Hapa sitaki kuipunja, kwa sababu tofauti ni kubwa mno. 80D ina vituo 45 vya fokasi, yaani nukta ambazo kamera inanolea picha, vyote vimejikusanya katikati. Mwewe akikata kona juu ya Uhuru Park, kazi ni yako kumfuata na kile kituo, na akitoka tu katikati umempoteza. R7 inatambua watu, wanyama, ndege na magari, na fokasi inaenea karibu picha nzima. Nilikuwa Mombasa Road nikipiga kongoti wanaorudi kwenye miti yao, wale wabaya wa sura tunaowaona kila siku tukiwa kwenye matatu. Kiboksi kilishika jicho la mmoja akiwa mbali, kikabaki hapo alipopita nyuma ya nguzo ya taa, kikamfuata hadi akakunja mabawa. Mimi kazi yangu ilikuwa kumweka ndani ya fremu tu. Na shata yake ya kawaida inapiga hadi picha 15 kwa sekunde, 80D ni 7.

Haikosi ukaidi. Ndege akiwa ndani ya nyasi ndefu, kama zile za Nairobi National Park mvua zikishanyesha, mara nyingine inarukia jani lililo mbele na inang'ang'ania. Hapo ninabadilisha nitumie kituo kimoja kidogo, mtindo wa zamani. Lakini kwa karani tamba anayetembea uwandani, au mbuni anayetimua vumbi, sirudi 80D. Na kwa kazi hiyo sensa ndogo ni faida, kwa sababu ukizidisha kwa 1.6, lenzi ya 100-400 inakupa mwonekano wa 640mm bila kuuza shamba. Kama ndege ndio wanaokuita, jiunge na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Utakuta watu na vifaa vya kila aina, na wengi hawana choyo cha kukuonyesha.

Pili, R7 ina nafasi mbili za kadi. Hii kwa mtu wa harusi ni sababu ya kweli, na ndiyo peke yake inayoweza kunifanya nilegeze msimamo. 80D ina moja. Kadi ikifa usiku wa Jumamosi, ile ibada hairudiwi, na hakuna punguzo utakalompa bwana harusi akatulia. Tazama lakini: R10, ndugu mdogo wa R7, nayo ina nafasi moja. Mtu asikuuzie R10 kwa hoja hiyo.

Tatu ni video. 80D inaishia 1080p. Wateja wakianza kukudai video za 4K, bodi mpya inajilipa yenyewe. Kama hawadai, pita.

Sasa hesabu. R7 ilizinduliwa mwaka 2022 kwa dola 1,499 bila lenzi. Kwa dola ya shilingi 129 hivi, hiyo ni laki moja na tisini na kitu kabla ya kusafirisha na kodi, na dukani mjini utakuta bei tofauti kutegemea imeingiaje nchini na ina warranti ya nani. Uliza hilo la warranti kwa sauti. Bodi pekee haitoshi. Unahitaji adapta ya EF (mlango wa lenzi wa 80D) kwenda RF (mlango wa R7) ili lenzi zako ziingie (zinafanya kazi vizuri, hapo sina malalamiko), kadi za kasi zaidi, na diski kubwa zaidi kwa sababu mafaili yamenenepa. Tena mafaili ya RAW, yaani picha ghafi, ni ya aina ya CR3. Kama bado unahariri kwa ile programu ya Lightroom 6 ya kununua mara moja, haitayafungua. Betri za 80D zinaingia, hilo ni jema, ila zinaisha mapema zaidi kwa sababu kitundu cha kuchungulia sasa ni skrini. Na mkopo wa SACCO unakatwa hata Januari, wakati harusi zimeisha Desemba na kila mtu analipa karo.

Kuna mtu mwingine aliyekujibu akakushauri uhamie sensa kubwa, ununue Canon 6D iliyotumika. Kwa giza ni hoja nzito kuliko R7, siwezi kukataa. Lakini hakukuambia kwamba 18-135 yako ni EF-S, lenzi ya sensa ndogo, na haiingii kwenye 6D. Utabaki na 50mm peke yake, uanze kununua lenzi upya.

Ningekuwa wewe, ningechukua sehemu ndogo ya huo mkopo, ninunue lenzi ya f/2.8 ya kuvuta na flashi moja nzuri, nifanye kazi za Agosti na Desemba, kisha nikodishe R7 wikendi moja kwenye maduka ya vifaa pale mjini. Ikodishe kwa harusi ya kweli, usiikodishe kupiga paka nyumbani. Ukirudisha Jumatatu na moyo unauma kwa sababu ya fokasi na zile kadi mbili, nunua. Ukigundua uliyoipenda ni ile f/2.8 uliyoifunga mbele yake, pesa yako imebaki mfukoni. Ukija kuhama baadaye, lenzi ya EF unahama nayo kwa adapta, na tangu 2024 Sigma nao wanatengeneza 18-50 ya f/2.8 yenye mlango wa RF.

Kwa 80D tafuta Canon EF-S 17-55 f/2.8 iliyotumika, au Sigma 17-50 f/2.8 ambayo ni nafuu zaidi. Ukipata hiyo ya Canon, nenda na kamera yako na kadi yako. Vumbi kidogo nyuma ya kioo cha mbele ni kawaida yake, lisikutishe, bali likusaidie kushusha bei. Ugonjwa wake mkubwa ni waya mwembamba wa ndani unaoendesha apecha, lile tundu la kupitisha mwanga. Weka f/8, vuta lenzi kutoka 17 hadi 55 ukipiga picha kila hatua. Kamera ikikuletea ujumbe wa Err 01 hata mara moja, mrudishie mwenyewe. Kisha washa kizuia-mtikisiko, bonyeza shata nusu, na usikilize: mvumo mdogo ni sawa, lakini picha ikirukaruka ndani ya kitundu, hiyo ni kazi ya fundi na bei yake usiilipe wewe. Mwisho piga f/2.8 kwenye 55, ukilenga maandishi ya kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, ukuze kwenye skrini. Herufi zikisomeka, mtumie M-Pesa.