Jibu: Kosta au kuendesha mwenyewe, Lindi–Mtwara

Salaam dada. Umesema moyo unakwenda mbio Kosta ikijaa, na sasa unafikiria kuendesha gari la kaka yako Lindi hadi Mtwara kila wiki.

Kwanza chunguza kinachokubana hasa: watu, joto, mwendo wa dereva, au kuona huwezi kushuka? Mimi nilidhani ni watu. Kumbe ni siti ya nyuma kabisa, abiria wamesimama, mlango siuoni. Sasa nafika stendi mapema, nachukua dirishani karibu na mlango, na namwambia konda kabla hatujaondoka: "Kaka, nikisema shusha, nishushe." Nimeshuka mara moja tu, Mnazi Mmoja. Nikanywa maji, nikakaa kivulini nusu saa, nikapanda gari iliyotoka Masasi. Hakuna aliyenishangaa, na tangu siku ile hofu imepungua sana.

Kuendesha nako kuna hofu yake, tena huna wa kumwachia usukani. Kilomita 100 hivi ni nyingi kuanzia. Anza Lindi hadi Mingoyo asubuhi, kaka yako pembeni. Ukibanwa, washa indiketa, toka barabarani, zima gari, toa pumzi taratibu mpaka utulie. Usiku usijaribu kwanza.

Ila kama moyo unakwenda mbio hata ukiwa nyumbani umekaa, nenda hospitali ya Sokoine pale Lindi wakupime kabla ya yote. Tafadhali dada, hilo usiliahirishe.