Puto lililomvimbisha mtoto midomo

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 6 alizaliwa na mgongo wazi. Amefanyiwa upasuaji mara 4, na kila siku namtoa mkojo kwa mpira. Juzi alipuliza puto, midomo ikavimba na macho yakamwasha. Sasa hata ndizi mbivu inamwasha ulimi. Je, mambo haya yanahusiana? Mwezi ujao amepangiwa upasuaji mwingine.
Mama, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu huo upasuaji unanitia wasiwasi kuliko puto lenyewe.

Dalili hizo zinaelekea kwenye mzio wa mpira wa asili. Maputo, glovu nyingi na baadhi ya mipira ya mkojo hutengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, wenye protini ambazo mwili huweza kuanza kupambana nazo kama adui. Watoto wenye mgongo wazi hukutana nazo mapema mno, tena ndani kabisa ya mwili, tangu glovu za upasuaji wa kwanza, ndiyo maana mzio huu huwapata zaidi kuliko watoto wengine. Ndizi, parachichi na papai zina protini zinazofanana nazo. Hata hivyo, usimnyime matunda yote, mwachishe lile tu linalomwasha.

Kilichompata midomoni kinaweza kumpata akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, asiweze kusema kwamba anawashwa. Kwa hiyo nakusihi uende kliniki wiki hii, usisubiri siku ya upasuaji. Mweleze daktari wa upasuaji na wa usingizi, na uombe iandikwe juu ya kadi yake: MZIO WA MPIRA. Waombe watumie vifaa visivyo na mpira wa asili, na awe wa kwanza asubuhi, kwa kuwa unga wa glovu hubeba protini hizo hewani. Marekani ilipiga marufuku glovu za unga mwaka 2017.

Nyumbani, soma pakiti ya mpira wa mkojo: wa silikoni unafaa. Akianza kukoroma kifuani, kutapika au kulegea baada ya kugusa mpira, mkimbize hospitali achomwe adrenalini pajani, kwani vidonge vya mzio pekee havitoshi.