Kusoma Makala ya Kifaa cha Sayari Bila Kumaliza Bando

Makala ya kisayansi kuhusu kifaa cha kuchunguza sayari haisomwi kama riwaya. Ile ya mwaka 2012 inayoeleza sehemu ya mlingotini ya ChemCam, leza ya gari la Curiosity lililoko Mirihi, imepita kurasa 70, na sehemu iliyo ndani ya gari ina makala yake yenyewe. Mwanafunzi wa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, anayeisoma kwenye simu atasinzia kabla ya kufika panapomhusu.

Soma ikisiri, kisha ruka hadi kwenye jedwali la vipimo. Chukua HiRISE, kamera ya Mars Reconnaissance Orbiter, chombo kinachozunguka Mirihi; makala yake ilitoka mwaka 2007. Kioo chake kikuu kina kipenyo cha mita 0.5, na pikseli moja huona pembe ya maikroradiani 1, yaani radiani 0.000001. Shika kalamu: kamera ikiwa kilomita 300 juu ya Mirihi, mita 300,000 × 0.000001 ni mita 0.3. Hapo ndipo wengi huteleza, wakaandika kwamba kamera inatambua jiwe la sentimita 30. Wapi! Kitu hutambulika kikichukua kama pikseli tatu kwa upana, yaani karibu mita moja.

Angalia pia upana wa picha. Kamera ilipokuwa mpya, vipande 10 vya CCD nyekundu (vihisi vya mwanga) vilitoa picha ya takriban kilomita 6, lakini rangi ilipatikana katikati tu, kama kilomita 1.2. Anayetafuta tofauti za rangi pembeni anajisumbua bure.

Makala ya kwanza huonyesha kifaa kikiwa kipya. Kipande cha pembeni, RED9, kilikufa mwaka 2011 na picha zikapungua upana. Makala ya 2007 ingelijuaje hilo? Kwa hiyo ingia ADS, hifadhi ya mtandaoni ya makala za anga, fungua orodha ya makala zilizoinukuu, anza na za karibuni, utafute zenye maneno "in-flight calibration", yaani usahihishaji wa vipimo kifaa kikiwa kazini angani. Hatua hii usiiruke hata ukiwa na haraka.

Kuhusu bando: faili moja ya JP2, yaani picha kamili ya HiRISE, hula mamia ya megabaiti, nyingine hupita gigabaiti. Tazama kwanza JPEG ndogo, faili kamili uipakue kwa Wi-Fi ya chuo. Na kwenye ukurasa wa picha usidanganywe na kipimo cha ramani (map projected scale). Soma kipimo cha awali (original image scale), kile cha picha ilivyopigwa. Kikionyesha pikseli zimeunganishwa 2 × 2, sentimita 30 zimekuwa 60, na kitu kidogo kabisa unachoweza kukitambua kimefika mita 1.8.